Chapa Chini ya Kibakuli

Hivi karibuni nilikuwa Theta, upande ule wa baina ya Ruiru na Thika, nyumbani kwa sahibu yangu ambaye udogoni tulikaa jamvi moja chuoni. Maisha yamemtupa bara miaka mingi, na huko huchuma riziki kwa kuuza na kununua vyombo vikuukuu. Baada ya chakula akanitolea kibakuli cha fedha kilichoingia weusi, alichokipata ndani ya sanduku la vyombo vya nyumba ya zamani ya shamba la kahawa. Ni kidogo, kina mkono mmoja wa waya mnene wa fedha uliopindwa ukawa kitanzi, na juu ya kitanzi kijiwe cha kijani. Sonara mmoja alikwisha kumwahidi kukinunua kwa mizani, akiyeyushe. Sahibu yangu hakutaka kwangu ila jambo moja: bei ile ni ya haki?

Nilikipindua, nikaomba kioo cha kukuzia. Sisi watu wa pwani, ndugu msomaji, tumezoea mafurungu na kekee za mama zetu zisizo jina la fundi. Mkono wa sonara ulijulikana kwa jicho. Waingereza wana desturi nyingine, nayo ni ya karne nyingi. Palikuwa na simba anayetembea, maana yake fedha ni sehemu 925 katika 1,000. Palikuwa na kichwa cha chui, maana yake imepimwa London. Palikuwa na herufi ndogo ya g kwa hati ya kizamani, nayo ni ya mwaka 1902 kuingia 1903. Kisha zikaja herufi zilizonikalisha kitako: G of H Ltd. Nikamwambia sahibu yangu asithubutu kukipeleka kwenye mizani, nikamsimulia habari za Charles Robert Ashbee.

Ashbee alizaliwa mwaka 1863 karibu na London, mtoto wa tajiri, akasoma Cambridge, kisha akajifunza usanifu wa majengo. Angeweza kuishi raha mustarehe. Badala yake alikwenda kukaa mashariki ya London, mitaa ya mafukara, na mwaka 1888 akaanzisha huko shule pamoja na chama alichokiita Guild of Handicraft, yaani chama cha mafundi wa kazi za mkono. Zama zile mashine zilikwisha kumfanya fundi kuwa mtumwa wa gurudumu, na Ashbee, kama walivyosema wakubwa zake John Ruskin na William Morris, aliona kwamba kinachoharibika si chombo peke yake bali na mtu anayekitengeneza.

Hapa ndipo wakusanyaji wengi wanapokosea. Husema fedha ya Ashbee, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika nyundo. La. Yeye alichora. Waliofua ni watu kama William Hardiman, ambaye kabla ya kuingia chamani alikuwa akisukuma mkokoteni mitaani. Walijifunza kwa kujaribu na kuharibu, na Ashbee akawatafutia elimu hata kwa wafu: mwaka 1898 alitoa tafsiri yake ya vitabu vya ufundi vya Benvenuto Cellini, sonara wa Italia wa karne ya 16. Mwanzoni chapa ilikuwa herufi za jina lake, CRA, zilizosajiliwa mwaka 1896. Mwaka 1898 chama kikawa kampuni, na chapa ikawa ya chama. Mimi naiona ile ya pili kuwa ya kweli zaidi, ingawa nayo inamficha fundi nyuma ya wenzake.

Mwaka 1902, mwaka wa kibakuli chetu, Ashbee alifanya jambo ambalo wengine waliliita wazimu. Aliwahamisha mafundi, wake zao na watoto, jumla yao kiasi cha watu 150, akawapeleka Chipping Campden, mji mdogo wa mashamba magharibi ya nchi. Hewa ilikuwa njema, lakini soko lilibaki London. Tena duka kubwa la Liberty lilikuwa likiuza fedha ya mtindo kama ule, iliyofanywa Birmingham kwa msaada wa mashine, nyingine ikitiwa hata alama za nyundo ili idhaniwe ni ya mkono. (Ukiona nanga badala ya kichwa cha chui, ujue ni ya Birmingham.) Fundi atashindanaje na mashine inayoiga hata jasho lake? Kufikia 1908 kampuni ilikwisha kufungwa. Baadhi ya mafundi hawakuondoka. Mmoja wao, George Hart, aliendelea kufua fedha katika jengo lile lile, na jamaa zake wakarithi kazi.

Ashbee mwenyewe alifika kwetu, nikisema kwetu kwa maana ya umma wetu. Mwaka 1917 alikwenda Misri kusomesha, kisha Ronald Storrs, gavana wa kijeshi wa Kiingereza, akamwita Al-Quds awe mshauri wa mji. Huko ipo Suq al-Qattanin, soko la pamba la zama za Mamluki, ambalo mlango wake hutokea Haram Sharif. Lilikuwa limejaa vifusi na uchafu. Ashbee alisimamia kusafishwa na kutengenezwa kwake, akaweka humo vitanda vya mfumi na wanafunzi wa kufuma nguo: chama kile kile kilichomfia Uingereza, akijaribu kukifufua chini ya matao ya Waislamu. Sisahau kwamba alikula mshahara wa mtawala aliyeingia kwa bunduki. Hata yeye siasa ile ilimchosha, akaondoka mwaka 1922. Alifariki mwaka 1942.

Sahibu yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: basi hiki hasa kilifuliwa na nani? Nikamwonyesha tena zile herufi. Alikishika kibakuli, akapitisha kidole juu ya vishimo vidogo vya nyundo, kimoja baada ya kimoja, wala hakusema neno.

Asubuhi nilipoamka kwa chai nilikikuta mezani, kimesuguliwa kikang'aa, na ndani yake tende.