Bwana Storey wa Amani na Mhogo Wetu

Katika pwani hii toka Pangani mpaka Mkwaja hapana nyumba isiyojua thamani ya mhogo. Mvua ikikataa, mahindi hukauka, bali mhogo hungoja ardhini. Kwa hiyo tumeona vema kuwaandikia habari za Harold Haydon Storey, aliyezaliwa mwaka wa 1894 akafa mwaka wa 1969.

Bwana huyu Mwingereza alianza kazi Afrika ya Kusini, akichunguza ugonjwa wa milia katika mahindi, akaona ya kuwa huletwa na mdudu mdogo arukaye jani kwa jani. Mwaka wa 1928 akaja Amani, katika milima ya Usambara, penye kituo cha uchunguzi kilichoanzishwa na Wadachi mwaka wa 1902. Akatambua jambo la ajabu: wadudu wa namna ile wengine hueneza ugonjwa, na wengine hawauenezi, ijapokuwa wote wamenyonya jani lenye ugonjwa. Akawapandanisha, akahesabu watoto wao, na mwaka wa 1932 akaonyesha ya kuwa uwezo huo hurithiwa kwa jeni moja tu, ifuatayo udume na ujike. Hesabu yake ilikuwa wazi: aidha mdudu anao, aidha hanao.

Mhogo haukuwa hivyo. Batobato, ugonjwa utiao majani mabaka ya manjano na kuyakunja, uliandikwa habari zake Usambara tangu mwaka wa 1894. Storey na mwenzake Nichols walikusanya mihogo ya nchi nyingi, wasipate kinga ya kutosha. Ndipo wakageukia ndugu yake mhogo, yaani mpira ule waliopanda Wadachi kwa ajili ya utomvu, ambao mama zetu huchuma kisamvu chake hata leo. Mti huo hauna mizizi ya kuliwa, lakini batobato hauuwezi kwa urahisi. Wakaupandanisha na mhogo. Na kwa kuwa mizizi ya watoto haikufaa, wakawarudisha kwa mhogo tena na tena. Hapo palikuwa na hatari, kwa maana kila wakiutafuta mzizi mzuri waweza kuipoteza kinga.

Sababu yake twaijua vema leo. Kinga ile imo katika jeni nyingi, kila moja ikiongeza kidogo. Tuseme ni tano: katika kuurudisha mche wa kwanza kwa mhogo, ni mtoto mmoja tu katika 32 awezaye kuzipata zote. Wengi hupata mbili au tatu, wakawa katikati, kama watoto wetu wasivyogawanyika kuwa warefu na wafupi tu. Mtu wa haraka angaliiacha kazi hiyo. Lakini mhogo hupandwa kwa vijiti, hivyo mche mwema ukipatikana hudumu vile vile.

Mwaka wa 1936 Storey aliandika pia habari za michirizi ya kahawia, adui wa pwani hasa, auozeshaye mzizi ungali ardhini. Mwaka wa 1946 akachaguliwa katika Jamii ya Kifalme ya wataalamu huko London. Baadaye akatumika Muguga, karibu na Nairobi.

Mbegu za Amani zilifika hata Nigeria, zikawa asili ya mihogo mingi ya huko. Na mmoja wa Amani, ulioandikwa 46106/27, pwani ya Kenya huitwa Kaleso, na kusini ya Tanzania wakulima wakautunza kwa jina la Namikonga, hata wachunguzi walipoilinganisha jeni zake wakakuta ni mhogo ule ule.