Patrick Brontë: Mchungaji aliyefiwa na watoto wote sita, akapigania maji safi ya kijiji

Ukitaja jina la Brontë, wengi hukumbuka dada watatu walioandika riwaya maarufu, zikiwemo Jane Eyre na Wuthering Heights. Baba yao hatajwi sana, ingawa kijiji cha Haworth kina deni kubwa kwake.

Patrick Brontë alizaliwa Ireland mwaka 1777, mkubwa kati ya watoto 10 wa familia isiyo na kitu. Alijisomea, akafundisha shule, hadi mwaka 1802 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mwaka 1820 alihamia Haworth na mkewe Maria na watoto sita. Ni kijiji kidogo cha Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kilicho mlimani pembeni mwa nyika ya baridi na upepo mkali.

Mwaka uliofuata Maria akafariki. Mwaka 1825 mabinti wawili wakubwa nao wakafa, wakipishana wiki chache tu.

Pigo lingine likaja baadaye. Kati ya Septemba 1848 na Mei 1849 alifiwa na Branwell, mwanaye pekee wa kiume, kisha Emily, kisha Anne. Emily na Anne waliuawa na kifua kikuu.

Mwingine angejifungia ndani. Mchungaji huyu, akiwa na miaka 72, mwaka huohuo wa 1849 aliongoza wanakijiji kuiomba serikali kuu itume mkaguzi wa afya.

Mkaguzi Benjamin Babbage alipofika, hali ilikuwa ya kutisha. Familia kadhaa zilitumia choo kimoja, makaburi yamejaa, na kisima kimoja kilikuwa kichafu kiasi kwamba hata ng'ombe waliyakataa maji yake.

Ripoti yake ya mwaka 1850 ilionyesha kuwa wastani wa umri wa kufa Haworth ulikuwa chini ya miaka 26. Zaidi ya asilimia 40 ya wakazi walikufa kabla ya kutimiza miaka sita.

Pamoja na yote hayo, kazi haikuanza mara moja. Baadhi ya wenye mali waligoma, wakihofia gharama. Mzee hakukata tamaa, akaendelea kuandika barua London.

Mwaka 1855 alifariki Charlotte, wa mwisho aliyebaki. Patrick akabaki na mkwewe hadi alipofariki Juni 7, 1861, akiwa na miaka 84.

Kufikia hapo, Haworth ilikuwa imeshapata bwawa lake la maji. Watoto wake hawakuwahi kuyanywa maji hayo, ila wa majirani waliyanywa.