Kitabu cha Tippu Tip kilifika Berlin kabla ya kufika kwetu

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani hapa Diani, kijana mmoja akaniuliza kama ni kweli Tippu Tip aliandika kitabu cha maisha yake mwenyewe. Nikamjibu ni kweli, ila kitabu chenyewe kilizunguka sana kabla ya kutufikia. Wengi hawaijui habari hiyo, basi naieleza hapa.

Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Alianza biashara akiwa kijana, akifuata nyayo za babake, kisha akaongoza misafara yake ya pembe za ndovu na watumwa hadi mashariki ya Kongo. Livingstone alikutana naye 1867, Cameron 1874, Stanley 1876. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baadaye akarudi Unguja, tajiri wa mashamba na nyumba.

Uzeeni, Mjerumani aitwaye Heinrich Brode alimhimiza aandike maisha yake. Mzee akaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandikiana wazee wetu wa pwani. Brode akayahamisha maneno yale kwenye herufi za Kirumi na kuyatafsiri kwa Kijerumani. Yalichapishwa Berlin, 1902 na 1903, katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki, chuo kilichowafunza Kiswahili maofisa wa koloni. Kwa hiyo maneno ya mzee wa Unguja yalisomwa kwanza na waliokuja kututawala.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Mwaka 1905 Brode alitoa kitabu chake mwenyewe kwa Kijerumani, akiyasimulia maisha yale kwa kauli yake. Mwaka huohuo, tarehe 14 Juni, Tippu Tip akafariki Unguja. Mwaka 1907 kitabu cha Brode kikatafsiriwa kwa Kiingereza na kutolewa London. Aliyekisoma alidhani anamsikia Tippu Tip, kumbe anamsikia Brode, tena kupitia mfasiri.

Ilipita nusu karne. Mwaka 1958 na 1959, jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki likatoa maneno ya Tippu Tip yenyewe, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, na utangulizi wa historia wa Alison Smith. Yalichapishwa tena 1966. Mwaka 1974 padri François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa huko Brussels, na maelezo mengi ya kusahihisha safari na miaka, kwa kuwa mzee alisimulia kwa kumbukumbu na tarehe alizitaja chache.

Kijana akaniuliza tena: basi tumwamini? Nikamwambia asome, lakini akumbuke msimulizi ni nani. Tippu Tip anazungumza kama mfanyabiashara anayehesabu mali na vita alivyoshinda. Waliobeba pembe zile mabegani, na waliofungwa minyororo, hawakupata mtu wa kuwahimiza waandike, wala chuo cha kuwachapisha. Sisi wa Kwale hatuna haja ya kwenda Kongo kulijua hilo. Mapango ya Shimoni yako hapo kusini yetu, na biashara ya watumwa ingali inasimuliwa pale, bila jina la hata mmoja aliyepitishwa.

Kuna jambo jingine lililonigusa. Maneno ya Tippu Tip yalinusurika kwa sababu mgeni aliyathamini, na mgeni huyo ndiye aliyeamua yaandikwe vipi, yachapishwe wapi na yasomwe na nani. Nyumba nyingi za pwani zina karatasi za wazee kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu za biashara, hati za mashamba, mashairi. Nyingine zinaliwa na mchwa ndani ya masanduku, nyingine hutupwa nyumba ikijengwa upya, kwa kuwa wajukuu hawawezi kuzisoma.

Nilimwambia kijana yule aende akafungue sanduku la babu yake kabla hajalitafuta jarida la Berlin. Kama hawezi kusoma, apige picha kila karatasi, kisha amtafute mwalimu wa chuoni amsomee. Nanyi wasomaji nawaomba hivyohivyo.