Tabibu wa Karema

Sisi tukaao Mbinga na mwambao wa Nyasa tumezoea kuanza hesabu ya dawa za misioni tangu Peramiho, iliyoanzishwa na mapadre Wabenediktini mwaka 1898. Nasi tutajapo daktari wa siku zile, fikira zetu humwendea Mzungu aliyevuka bahari. Kumbe miaka tisa kabla yake, huko Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, alikwisha kufika tabibu Mwafrika: Adriano Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Angali mtoto aliibwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara kama bidhaa, hata Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha huko Algeria. Mwaka 1881 Kardinali Lavigerie alifungua nyumba kisiwani Malta, vijana waliokombolewa wapate kusomea uganga katika chuo kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao.

Hapa yatupasa kutua kidogo. Kardinali hakutaka vijana hawa wote wawe mapadre. Alitaka matabibu walei, makatekista, watakaooa na kuishi maisha ya wenyeji, wala wasigeuzwe kuwa Wazungu weusi. Twaona shauri hilo lilikuwa la busara, ingawa lilidai mengi: kijana aliyenyang'anywa kwao apelekwe tena ugenini, mbali zaidi, na mara hii akubali mwenyewe. Atiman alikubali. Mwaka 1888, Kardinali alipokuwa akihubiri Paris na London dhidi ya biashara ya watumwa, yeye alianza safari. Mwaka 1889 akaingia Karema.

Boma lile lilijengwa na Wabelgiji, likakabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Nchi ya kandokando ilikuwa ingali ikitishwa na wawinda-watumwa, na watoto waliokombolewa walilelewa papo hapo misioni. Tuna hakika hakuhitaji kuelezwa na mtu machungu yao. Akaoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, akawa mtu wa kwao.

Akafundisha dini na kuwauguza watu. Jina lake lilivuma hasa kwa upasuaji, kazi ambayo katika kijiji kisicho na umeme wala daktari mwingine wa kumwuliza shauri humwacha tabibu peke yake na kisu chake na dhamiri yake. Wajerumani walitawala wakaondoka, Waingereza wakaja, Atiman alikuwapo bado. Kazi yake Karema ilidumu miaka 67. Wasomaji na wakumbuke kwamba wengi wetu huomba uhamisho baada ya mitano.

Mwanawe Yosefu alipewa daraja takatifu ya upadre. Baba mtu alifariki Karema mwaka 1956, mzee wa miaka ipatayo tisini.