Tingatinga: Miaka minne ya rangi ya baiskeli
MCHORAJI Edward Saidi Tingatinga alifariki dunia mwaka 1972 baada ya kupigwa risasi na polisi jijini Dar es Salaam. Gari alilokuwamo lilidhaniwa kuwa la wahalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na kazi ya uchoraji alikuwa ameifanya kwa takriban miaka minne tu.

Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, eneo la Nakapanya, kando ya barabara itokayo Masasi. Baba yake alikuwa Mwislamu, mama yake Mkristo wa kabila la Wamakua, ambalo limeenea pia Masasi. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi hizo, alikwenda Tanga kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza. Mwajiri huyo alipoondoka baada ya uhuru, Tingatinga alihangaika kwa kuuza matunda na mboga na kupiga muziki.

Hakusomea uchoraji. Aliwaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha zao jijini, naye mwaka 1968 akajaribu. Turubai na rangi za wasanii hakuwa na uwezo nazo. Alikata ubao wa dari vipande vya mraba, akapaka rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli. Picha zikatoka zinang'aa: chui, tembo au ndege, na nyuma yake rangi moja tupu. Alizipanga nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali walipopita wageni wenye fedha. Hata hivyo, kuuza picha barabarani hakukumtosha kuishi. Aliajiriwa pia kuwa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili.

Aliwafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake, wakiwamo Simon Mpata, Kasper Tedo na Ajaba Mtalia. Hao na waliowafuata walibaki pale pale Oysterbay, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Ni mikononi mwa warithi hao ambapo mitaa ya jiji iliingia kwa wingi katika picha: daladala zilizofurika abiria, masoko, foleni za hospitali. Mwanzilishi mwenyewe aliwapenda zaidi wanyama.

Leo kila picha ya aina hiyo huitwa tingatinga, awe ameichora nani. Zile alizozichora kwa mkono wake ni chache, na nyingi zilinunuliwa na wageni, wakaondoka nazo.