Eleanor Rathbone na Shilingi Tano za Mama

Ukiwauliza watu wa rika langu hapa Mombasa wakutajie mwanamke wa Bunge la Uingereza, watakutajia Bi. Margaret Thatcher, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1979 hadi 1990, na wengi watakomea hapo. Msomaji mmoja mmoja aliyechungua historia ataongeza Lady Astor, bibi mzaliwa wa Marekani, ambaye mwaka 1919 aliketi katika Baraza la Makabwela akiwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Kabla yake, Desemba 1918, alikuwa amechaguliwa Constance Markievicz wa Ireland, lakini wakati huo alikuwa kifungoni na, kama wenzake wa chama chake, hakukubali kwenda kukaa London. Mimi leo nataka kumsimulia bibi wa tatu, ambaye huku kwetu ni nadra kutajwa. Jina lake ni Eleanor Rathbone.

Nilimjua kwa ajili ya kitabu kikuukuu nilichokinunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Kilichonifanya nisikifunge ni kumbukumbu ya marehemu mama yangu.

Marehemu baba alikuwa kuli bandarini Kilindini, tena kwa kibarua. Meli ikiingia na ukachaguliwa, umepata. Usipochaguliwa, unarudi nyumbani na mikono mitupu. Siku ya malipo mama alikuwa akinituma, nami ni mtoto wa miaka minane au tisa, nikasimame langoni kabla baba hajatoka, kwa kuwa baina ya lango lile na nyumba yetu palikuwa na wadai, palikuwa na marafiki, na palikuwa na meza ya karata. Baba hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Lakini fedha zilipungua njiani, na mama alikuwa akizihesabu zilizobaki juu ya mkeka bila kusema neno. Basi nilipokuta kwamba kuna mwanamke wa Liverpool, mtoto wa matajiri, asiyepata kuolewa wala kuzaa, aliyetumia karibu miaka 30 ya umri wake kupigania fedha zifike mkononi mwa mama bila kupitia langoni, nilisoma mpaka mafuta ya taa yakaniishia.

Bi. Rathbone alizaliwa London tarehe 12 Mei 1872, lakini mizizi yake ilikuwa Liverpool. Jamaa zake walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa mji ule wa bandari, na mababu zake walikuwa miongoni mwa wachache waliopinga biashara ya watumwa wakati Liverpool nzima ilipokuwa ikitajirika kwayo. Baba yake, William Rathbone, alikuwa mbunge, na ndiye aliyeanzisha mpango wa wauguzi wa kuwazungukia wagonjwa maskini majumbani mwao. Binti alisoma falsafa Oxford, katika chuo cha Somerville, wakati ambapo Oxford iliwakubali wanawake kuketi na kusoma lakini haikuwapa digrii. Jambo hilo halikurekebishwa hadi mwaka 1920.

Aliporudi Liverpool hakukaa kupokea wageni. Alikwenda bandarini. Alichunguza maisha ya makuli, wale wanaume waliosimama kila siku wakingojea kuchaguliwa, na aliandika juu ya namna kipato kisichokuwa na uhakika kinavyovuruga nyumba. Mwaka 1909 akachaguliwa diwani wa mji, mwanamke wa kwanza katika baraza lile, wala hakuwa na chama. Alikaa humo miaka 25.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na hapo ndipo fikira yake ilipokomaa. Serikali ilikuwa ikiwalipa posho wake wa askari na mabaharia waliokwenda vitani, na kadiri mwanamke alivyokuwa na watoto wengi ndivyo posho ilivyoongezeka. Bi. Rathbone alikuwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo Liverpool. Akaona ajabu. Nyumba ambazo wakati wa amani hazikuwa na uhakika wa mkate, sasa, mwenye nyumba hayupo na bei za vitu zimepanda, watoto wake wanashiba na kuvaa viatu. Sababu yenyewe haikuhitaji falsafa ya Oxford: fedha zilikuja kwa kipimo, kila wiki, na zilimfikia yule anayepika.

Mwaka 1924 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu jamaa walionyimwa urithi wao. Hoja yake ilikuwa hivi. Waajiri na vyama vya wafanyakazi walikuwa wakisema kwamba mshahara wa mwanamume lazima utoshe mke na watoto, na kwa sababu hiyo mwanamke alipwe pungufu hata akifanya kazi ile ile. Lakini wanaume wengi hawakuwa na mtoto hata mmoja, na mwenye watoto sita alipewa sawa na kapera. Kwa hiyo kapera alikula fedha za watoto wasiokuwapo, na watoto waliokuwapo walilala na njaa. Dawa yake ni Serikali imlipe mama posho ya kila mtoto. Wenye vyama vya wafanyakazi waliogopa kwamba mishahara itashushwa. Wengine waliona ni aibu kwa mwanamume. Miaka mingi alizungumza peke yake.

Kuingia Bungeni hakukuwa rahisi. Sheria ya mwaka 1918 iliwapa kura wanawake waliotimiza miaka 30 kwa masharti, na hadi mwaka 1928 ndipo walipolingana na wanaume kwa miaka 21. Yeye alisimama Liverpool mwaka 1922 akashindwa. Mwaka 1929 akashinda kiti cha Vyuo Vikuu vya Uingereza, maana zamani waliohitimu vyuo walikuwa na wabunge wao mbali na wa mitaa. Mwaka huo wanawake waliochaguliwa walikuwa 14 katika Bunge la watu 615. Alikuwa bibi mnene, mwenye kuvaa nguo nyeusi bila kujali zimekaaje, mvutaji sigara, mwenye mikoba iliyojaa makaratasi. Inasimuliwa kwamba mawaziri wadogo, wakimwona anakuja ukumbini, walijificha nyuma ya nguzo, kwa kuwa akikushika hakuachi mpaka umjibu.

Msomaji wa Pwani atashangazwa zaidi na jambo jingine alilolishughulikia. Katika sheria ya Uingereza ya siku zile, mtu aliweza kuandika wasia na kumpa mali yake yote amtakaye, akamwacha mkewe na watoto bila chochote, na kadhi wao asiweze kufanya lolote. Sisi tuliokulia katika hesabu za mirathi, tunaojua kwamba wasia haupiti thuluthi na kwamba mke ana robo yake au thumuni yake hata mume angechukia, tunaliona jambo hilo kuwa geni kabisa. Wala si hilo tu. Hadi sheria ya mwaka 1882, mke wa Kiingereza aliyeolewa na mali yake, sehemu kubwa ya mali hiyo iliangukia mikononi mwa mume, ilhali bibi zetu walishika mahari yao na minazi yao wenyewe, angalau katika kitabu. Nasema katika kitabu, kwa sababu yaliyotendwa na kaka na wajomba ni habari nyingine, na wengi wetu tunayo mifano nyumbani. Bi. Rathbone alipeleka mswada mwaka 1931 ukakwama. Mwaka 1938 ndipo ilipopita sheria ya kumruhusu mjane na watoto kwenda mahakamani kudai matumizi kutoka katika mali ya marehemu.

Sitaki kumfanya walii. Alikuwa na kosa la watu wema wa himaya, la kuwasemea watu ambao hawakumtuma. Baada ya kusoma kitabu cha Mmarekani mmoja alishika sana habari ya ndoa za watoto Bara Hindi, na mwaka 1929 aliitisha mkutano London juu ya wanawake wa Bara Hindi. Mabibi wa Kihindi waliokuwapo walimwambia waziwazi kwamba wao wenyewe walikuwa wakiipigania kazi hiyo na hawakuhitaji mwalimu. Namhesabia jambo moja: alikwenda Bara Hindi mwaka 1932, akaona kwa macho yake, na baadaye alisukuma sana wanawake wa huko waongezewe haki ya kura.

Kenya nasi tumo katika daftari lake. Desemba 1929 yeye na Duchess wa Atholl walizungumza Bungeni juu ya kutahiriwa kwa wasichana, wakati ambapo nchi ya Wakikuyu ilikuwa imegawanyika juu ya jambo hilo baina ya misheni na wazee. Huku lilipokewa kama mzungu kuingilia nyumba ya mtu, na mzee Jomo Kenyatta, aliyekuwa London wakati huo, alikwenda mbele ya kamati ya wabunge kueleza upande wa watu wake. Sheria ya kukataza mila hiyo kwa ukamilifu ilikuja mwaka 2011, nayo ilipitishwa na wabunge wa Kenya. Nikiisoma habari ile leo, namwona Bi. Rathbone alikuwa na haki katika jambo lenyewe, na hakuwa na haki ya kudhani kwamba hapakuwa na mwanamke wa huku wa kulisema.

Juu ya Palestina, ambako alifika mwaka 1934, wasomaji wengi wa ukurasa huu hawatakuwa pamoja naye. Alipigania Wayahudi waliokuwa wakimkimbia Hitler wafunguliwe mlango, na kwa hilo la kuwaokoa alikuwa mkweli, kwani aliwahangaikia London pia na Prague pia, na hata waliofungwa kambini karibu na Liverpool mwaka 1940 kwa kuwa ni Wajerumani tu. Lakini Waarabu, wenye nchi ile, hawakupata uzito uleule katika mizani yake. Kwa upande mwingine, Mussolini alipoivamia Uhabeshi mwaka 1935, yeye alikuwa upande wa Mfalme Haile Selassie tangu siku ya kwanza, wakati wakubwa wa Serikali yake walipokuwa wakitafuta namna ya kumridhisha Mtaliano.

Tuirudie posho. Wakati wa Vita vya Pili mambo yaligeuka. William Beveridge, ambaye alikuwa amevutwa na kitabu cha mwaka 1924, aliiweka posho ya watoto katika ripoti yake mashuhuri ya 1942, akapendekeza shilingi 8 kwa wiki. Serikali ikakata mpaka shilingi 5, tena kuanzia mtoto wa pili. Bi. Rathbone angeweza kuvumilia hayo. Lakini mswada ulipotoka mapema mwaka 1945, ulikuwa umeandikwa kwamba fedha ni za baba.

Mnamo Machi 1945 alisimama Bungeni, mwanamke wa miaka 72, na akasema kwamba kifungu hicho kisipobadilishwa ataupigia mswada mzima kura ya kuupinga, yaani mswada ule ule alioutafuta kwa karibu miaka 30. Hebu fikiri, msomaji. Wangapi wetu wangekubali kuupoteza mzigo wote kwa ajili ya jina la mpokeaji? Wengine wangesema ni mke na mume, nyumba moja, fedha ni zile zile. Mimi niliyesimama langoni Kilindini najua kwamba si zile zile. Wabunge wa vyama vyote walimuunga mkono, Serikali ikawaachia wapige kura kama kila mmoja aonavyo, na kifungu kikabadilishwa. Posho ikawa ya mama.

Sheria ilikamilika Juni 1945. Julai ulikuja uchaguzi, wakachaguliwa wanawake 24, naye akiwa mmoja wao. Tarehe 2 Januari 1946 alifariki ghafla kwa kiharusi nyumbani London, kwenye nyumba aliyokuwa akiishi na Elizabeth Macadam, rafiki yake wa tangu siku za Liverpool.

Malipo ya kwanza yalitolewa Jumanne, tarehe 6 Agosti 1946. Akina mama walikwenda posta na vijitabu vyao, wengine na watoto mgongoni na mkononi, wakagongewa muhuri, wakahesabiwa shilingi zao juu ya meza ya karani, wakaenda moja kwa moja dukani.