Al-Battani, Mpimaji wa Mwendo wa Jua

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu Waislamu, mvua inapochelewa, mkulima wa pamba wa Binza, mkoani Simiyu, huuliza kama mbingu zimebadilika. Miongoni mwa wanachuoni waliozipima mbingu kwa hesabu ni Muhammad bin Jabir al-Battani, mzaliwa wa Harran, ambayo leo imo Uturuki, katika karne ya tatu Hijria.

Makazi yake yalikuwa Raqqa, nchi ya Sham, kando ya mto Furati. Huko alilitazama jua, mwezi na nyota tangu mwaka 264 Hijria (877) hadi 306 (918), naye hakuchoka; sisi usiku mmoja wa kuandama mwezi wa Ramadhani hututia katika ugomvi. Alipima mwinamo wa njia ya jua akapata digrii 23 na dakika 35, chini ya kipimo cha Ptolemy wa Iskandaria, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 700. Sehemu ya tofauti hiyo ilikuwa kosa la kipimo cha kale, lakini mwinamo wenyewe kwa hakika hupungua. Tena, mahali ambapo jua huwa mbali zaidi nasi, Ptolemy alipashika kuwa hapasogei. Battani akapakuta pamesogea zaidi ya digrii 16. Kitabu chake, Zij, kilifasiriwa kwa Kilatini karne ya 12, na Copernicus alimtaja. Aliandika pia juu ya unajimu. Katika hilo hatumfuati.

Leo imethibiti kuwa mwinamo huo huongezeka na kupungua kwa duru ya takriban miaka 41,000, na kwamba duru za namna hiyo zilichangia kuja na kuondoka kwa zama za barafu. Ziwa Victoria, unamomwagika mto wetu Simiyu, lilikauka katika zama hizo, likajaa tena yapata miaka 14,000 iliyopita. Lakini duru hizo huenda polepole mno. Joto lililozidi tangu karne ya 19 latokana na makaa na mafuta yanayochomwa na wanadamu, basi mtu asijifiche nyuma ya falaki.

Mwaka 317 Hijria (929), akiwa mzee, Battani alifuatana na watu wa Raqqa hadi Baghdad kushitakia dhuluma waliyotendewa. Alifariki njiani wakirejea, mahali paitwapo Qasr al-Jiss, karibu na Samarra. Mwenyezi Mungu amrehemu.